Pantoni Iko Safarini

Asiyetaka kuamini na asiamini, mimi sina mkataba na mtu. Lakini nchi ipo, inaitwa Jamhuri ya Tumesikia, na ukiitafuta kwenye ramani usijisumbue, ramani yake bado inakusanyiwa maoni. Ni nchi yenye serikali sikivu kuliko zote zilizopata kuwapo chini ya jua. Ukilalamika kwamba kisima kimekauka unaitwa kikaoni, unawekewa chupa ya maji mezani, unasikilizwa mpaka koo linakukauka nawe pia. Ukirudi nyumbani kisima ni kile kile. Ila wewe si yule yule: wewe sasa ni mdau.

Usafiri nao ulikuwa na wasikilizaji wake, Mamlaka ya Kusikiliza Wasafiri, ambayo watu waliifupisha wakaiita Masikio. Masikio hawakuwa na basi, wala behewa, wala hata baiskeli. Walikuwa na vijana wenye vishikwambi, ambao kazi yao ilikuwa kumvizia msafiri aliyekwama na kumwuliza: umeridhika, umeridhika sana, au umeridhika mno? Jibu la nne halikuwapo. Waliwahi kulifikiria, wakaona litawachanganya wananchi.

Mkuu wa Masikio alikuwa Dakta Pankrasi Mvungwa, mwanamume wa kitambi kilichotulia na sauti iliyotulia zaidi. Alipenda kusema. Jamani, alipenda kusema! Akifungua kikao, watu walikuwa wanaagana na jamaa zao kana kwamba wanakwenda safari. Alisema akila, alisema akinawa, na mkewe alipata kulalamika kwamba hata usingizini mume wake humshukuru mgeni rasmi.

Sasa katika nchi hiyo kuna mto mpana, Ruvya, na kwenye mto huo kuna kijiji kiitwacho Ukingoni. Hapo ndipo alipoishi Bi Kidawa binti Ngoda, mjane, mpishi wa kuitwa kwenye shughuli, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa pilipili. Hospitali iko ng'ambo. Soko kubwa liko ng'ambo. Hata makaburi ya wazee wake yako ng'ambo. Cha kuvukia ni pantoni ya serikali, na pantoni ya serikali haikuwa na injini.

Msiwahi kulaumu! Injini haikuibwa. Ilipelekwa mji mkuu kwenye Maonesho ya Wiki ya Usafiri, ikapakwa rangi ya dhahabu, ikapigwa picha na mabalozi, ikatunukiwa tuzo ya injini iliyotunzwa vizuri kuliko zote. Sasa injini yenye tuzo utairudisha mtoni ikafuke moshi kama jiko la mama lishe? Ikabaki huko huko, kwenye kabati la kioo. Kuhusu barabara ya kuzungukia ng'ambo, ilikuwa njiani kabisa. Wadau walikuwa wamekwisha kubaliana rangi ya vibao.

Mtauliza, na mitumbwi je? Ilikuwapo, tena mingi. Lakini Masikio walikuja wakauliza watu wa Ukingoni: mngependa usafiri salama? Watu wakajibu ndiyo, nani angesema hapana? Basi kwa maombi ya wadau wenyewe mitumbwi ikakusanywa uwanjani, ikamwagiwa mafuta ya taa, ikachomwa bendi ya polisi ikipiga. Sefu Ngoda, kaka yake Bi Kidawa, aliusimamia wa kwake mpaka ukawa majivu. Kijana wa kishikwambi akamsogelea akamwuliza kama ameridhika.

*

Haukupita muda, Mwanaidi, mtoto pekee wa Bi Kidawa, akashikwa na uchungu wa uzazi asubuhi kweupe. Mtoto alikaa vibaya. Mkunga akaosha mikono, akasema hili si la kwangu, mpelekeni ng'ambo. Wakambeba mpaka gatini, na gatini ndipo ilipo pantoni, imefungwa kwa minyororo yake, bendera inapepea. Wakapiga simu Masikio. Sauti tamu ya kike ikawaambia kwamba maoni yao ni ya thamani sana, wabonyeze moja kama wameridhika. Sefu akajitupa majini aogelee kwenda kutafuta msaada, maji yakamrudisha. Mpaka jua linapanda utosini, Mwanaidi alikuwa amekwisha kukata roho pale pale kwenye mbao za gati, na mtoto wake tumboni.

Bi Kidawa alilia kilio ambacho walioko ng'ambo walikisikia. Na wakati analia, vijana wa Masikio wakawasili, maana ilikuwa siku yao ya kukusanya maoni. Mpiga picha wao alikuwa na jicho zuri. Aliuona uso ule na machozi yale, na pantoni kwa nyuma na bendera yake, akapiga.

Msiba haujaisha, mabango yakatoka. Nchi nzima, kila kituo, kila kona, uso wa Bi Kidawa ukubwa wa mlango, unachuruzika machozi, na chini yake maandishi mekundu: WADAU WALIA KWA FURAHA. Mwanamke akitoka kuchota maji anajikuta ukutani. Akienda dukani, anajikuta mlangoni. Baadaye akaletewa cheti cha Mdau Bora wa Taifa na doti ya kanga, na Afisa Uhusiano wa Masikio, kijana nadhifu aitwaye Ladislausi, akamshika mkono akasema, "Hongera sana mama, umelibeba taifa."

"Asante, baba," akasema Bi Kidawa.

Watu walimshangaa. Walitegemea atatukana, atararua cheti, atamtia mtu kucha. Hakufanya hata moja. Aliikunja kanga, akaiweka. Lakini moyoni mwake kulikuwa na jiwe, na kila alipopita kwenye bango aliliongezea uzito. Alimtaka Pankrasi. Hakumtaka afukuzwe kazi, hakumtaka aombe radhi, kwa maana radhi nazo zingesomwa kwenye kipaza sauti. Alitaka akae pale alipolala Mwanaidi, angojee alichongojea Mwanaidi.

Naye Sefu, baada ya msiba, aliingia msituni na shoka, akakaa huko mpaka watu wakadhani amechanganyikiwa. Alitoka na mtumbwi mpya, akauficha kwenye matete. Waliojua walikuwa yeye na dada yake.

*

Mungu si Athumani. Ikatangazwa kwamba Dakta Pankrasi mwenyewe anakuja Ukingoni kuzindua Pantoni Iliyoboreshwa kwa Maoni ya Wadau, mubashara kwenye runinga ya taifa, na Mtukufu Rais akitazama kutoka Ikulu. Na kwa kuwa desturi za Jamhuri haziachwi, mgeni rasmi lazima ale chakula cha mchana nyumbani kwa Mdau Bora.

Bi Kidawa akamwendea kaka yake. "Kaka, nitafutie ningu. Wakubwa."

Sefu akamtazama. Ningu ni samaki mtamu, lakini ana miiba hata mahali ambapo Mungu hakupanga. Ukingoni huliwa kimya. Hata mtu na mtalaka wake wakikutana kwenye sahani ya ningu huahirisha ugomvi, na mtoto akifungua mdomo kuuliza chumvi hupigwa kofi la mapenzi.

"Ningu kwa wageni?" akasema Sefu. "Dada, watu wale hawawezi kunyamaza."

"Ndiyo maana."

Siku ikafika. Pantoni ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, imewekwa viti vya mito yenye foronya, na spika kubwa iliyotoa mlio wa injini, mlio mzuri sana, wa injini ya nje. Dakta Pankrasi akakata utepe. Akasema. Akasema tena. Akamalizia kwa kutamka, huku kidole kikiwa juu, "Kuanzia saa hii natangaza rasmi kwamba pantoni hii iko safarini!" Makofi. Pantoni ikabaki ilipo, na hakuna aliyekuwa mshamba wa kulisema hilo mbele ya kamera.

Kisha chakula. Bi Kidawa alikuwa amempika ningu wa nazi, na harufu yake ilifika barabarani kuwapokea. Akamnawisha mgeni, akapiga goti, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, asije mtu akasema hakuonya: "Mheshimiwa, samaki huyu kwetu huliwa kimya. Haliwi na maneno."

"Mama!" Dakta Pankrasi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Kuninyamazisha mimi? Mimi ni sauti ya wasio na sauti!"

Lakini utamu wa ningu si mchezo. Tonge la kwanza lilimfunga mdomo. La pili likamfumbisha macho. Alikula kimya kabisa, miiba anaitoa kwa ncha za vidole kama mzaliwa wa Ukingoni, na Bi Kidawa akaanza kuona jambo lake linampotea. Samaki anakwisha, na mtu bado mzima! Akasogea, akakaa chini karibu yake, akasema kwa unyenyekevu:

"Mheshimiwa, samahani. Nilikuwa naomba maoni yako. Kwa mtazamo wako, pantoni hii itamsaidia vipi mama mjamzito?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Lakini mtu anaulizwa maoni, angefanya nini? Macho yakamng'aa, kidole kikapanda.

"Swali zuri sana, mama! Nikianza na muktadha wa—"

Muktadha haukutoka mpaka leo. Dakta Pankrasi akashika shingo. Uso ukawiva. Akakohoa, akaguguma, akampiga Ladislausi kwa kiwiko. Wakamlisha tonge la ugali mkavu, akameza, mwiba ukazama zaidi. Wakamlisha ndizi mbivu. Wakampiga mgongoni mpaka tai ikazunguka ikawa nyuma. Pumzi ilipita, mate yakapita kidogo, ila maneno hayakupita hata moja. Ile sauti iliyotulia ikawa inatoa mlio wa bata.

"Hospitali!" akapiga kelele Ladislausi. "Mvusheni ng'ambo haraka!"

Hapo watu wote wa meza kuu wakageuka wakaitazama pantoni.

*

Hebu wahurumieni kidogo, walikuwa pagumu. Kamera bado zinarusha. Mtukufu anatazama. Mkubwa wao ametangaza, kwa kidole, kwamba pantoni iko safarini. Nani aseme haiendi? Mtangazaji wa runinga akawaokoa. "Watazamaji," akasema kwa shangwe, "Mkurugenzi Mkuu ameamua kuwa abiria wa kwanza!" Basi wakambeba, wakampandisha, wakamkalisha kwenye kiti cha foronya. Maofisa wakapanda naye, maana nani angetaka kuonekana amebaki? Spika ikawashwa. Brrrrr. Wakatoa leso wakawapungia wanakijiji waliosimama hatua chache mbele yao, na wanakijiji, watu wenye adabu, wakawapungia pia.

"Pantoni iko safarini," akasema mtangazaji. "Naona sasa tunaiacha Ukingoni taratibu."

Mbuzi wa jirani akapanda ngazi, akanusa kiatu cha Dakta Pankrasi, akashuka.

Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye mbao za gati, mahali pale pale, mnapajua. Aliona shingo ya mtu yule inavimba, mate yanamdondoka kwenye tai, macho yamemtoka yanatazama ng'ambo, ambako paa la hospitali lilikuwa linaonekana wazi kabisa. Na nisiwafiche: aliona utamu. Aliona utamu ambao hakuuona kwenye harusi yake. Watu wa Ukingoni nao wakatandika mikeka wakakaa kutazama, wengine wakaleta karanga.

Ladislausi akateremka kwa nyuma, kwa kujificha, akaja ameinama. "Mama, nakuomba. Hapa kijijini hakuna hata mtumbwi mmoja?"

"Mitumbwi ilichomwa, baba. Wadau tulitaka usalama."

"Mama, mtu anaumia!"

"Namwona." Akajifunga kanga vizuri. "Upo mmoja. Lakini haumchukui mtu aliye safarini. Ashuke kwanza. Kwa miguu yake, kwa ngazi ile, mbele ya kamera ile."

Ladislausi akapauka. "Mama, akishuka hapa si itakuwa na maana kwamba—"

"Kwamba hajaondoka. Ndiyo."

Kijana akarudi, akamnong'oneza mkubwa wake. Dakta Pankrasi akatikisa kichwa kwa ukali. Akakaza mikono kwenye kiti. Sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa ni la mkuu wa Masikio.

"Sasa tunapita katikati ya mto," akasema mtangazaji, na jasho likimtiririka. "Upepo ni mwanana."

Jua likaanza kuegemea. Sefu akaja akachuchumaa karibu na dada yake. "Dada, mtu huyu atakufa."

"Mwanangu alikufa."

"Najua. Nilikuwapo. Lakini sisi si wao."

"Nimemfunga kamba, kaka? Ngazi si ile pale?"

Sefu akaenda kwenye matete kuutayarisha mtumbwi, ikiwa utatakiwa. Bi Kidawa akainuka, akaenda mpaka ubavuni mwa pantoni, akainua uso. Mtu yule akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, na machozi yalikuwa yanateremka hadi kidevuni.

"Mheshimiwa," akasema Bi Kidawa, taratibu, kwa heshima zote. "Umeridhika, umeridhika sana, au umeridhika mno?"

Dakta Pankrasi akafungua mdomo. Mwiba ukamchoma, akaufunga. Akatazama kamera. Akatazama paa la hospitali. Kisha akainuka kwenye kiti chake cha foronya, akaifuata ngazi, akashuka kidato kwa kidato mpaka nyayo zake zikakanyaga tope la Ukingoni, tope lile lile alilolikanyaga asubuhi.

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na Bi Kidawa alikuwa chini anamngojea.

Mtangazaji akanyamaza. Spika ikaendelea peke yake, brrrrr, mpaka mtu akaichomoa. Halafu kule kwenye mikeka mzee mmoja akapasuka kicheko, na kijiji kizima kikafuata, watu wakashikana mabega, wakagaragara, akina mama wakapiga vigelegele. Bi Kidawa hakucheka. Alimshika mgeni rasmi mkono, akamwongoza kwenye matete.

*

Sefu alipiga kafi nyuma, Bi Kidawa mbele, na Dakta Pankrasi katikati, magoti kifuani. Hapo ndipo Bi Kidawa alipoanza kumweleza. Alimweleza jinsi Mwanaidi alivyokuwa anapenda embe mbichi kwa chumvi, na jina walilokuwa wamemchagulia mtoto. Alimweleza kuhusu mbao za gati na ile sauti tamu ya kwenye simu. "Akaniuliza, mama, pantoni inakuja? Nikamwambia inakuja, mwanangu, naiona. Akafa ananiamini. Unanisikia?"

Alisikia. Hakuwa na pa kuingiza neno, hakuwa na takwimu, hakuwa na swali zuri sana mama. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, mkuu wa Masikio alimsikiliza msafiri mpaka mwisho.

Hospitalini, muuguzi alimwambia afungue mdomo, akaingiza koleo, akautoa mwiba kabla hajamaliza kumwuliza jina. Mwiba wenyewe mwembamba, ungeupuliza ukaruka. Dakta Pankrasi akavuta pumzi, akakohoa, akajaribu sauti, sauti ikaja. Akafungua kinywa kutoa neno la shukrani. Ndipo redio ya muuguzi ilipotangaza kwamba Mtukufu amesikitishwa na mtumishi aliyeshuka kwenye chombo kikiwa safarini, kinyume cha kanuni za usalama, na kwamba uteuzi wake umetenguliwa kuanzia alipokanyaga tope. Ladislausi ndiye anayekaimu. Wadau wataombwa maoni.

Akatoka mbio mpaka ukingoni. Bi Kidawa na kaka yake walikuwa wamekwisha kuusukuma mtumbwi.

"Mama! Mama, nirudisheni! Gari langu liko kule, watu wangu wako kule!"

"Huna watu tena," akasema Sefu, bila ubaya.

"Na huu mtumbwi ni marufuku," akasema Bi Kidawa. "Mitumbwi yote uliichoma wewe."

"Jamani, mama! Mimi nitavukaje? Nitavuka na nini?"

Bi Kidawa akaacha kupiga kafi. Akamtazama mtu yule aliyesimama kwenye matope, tai mgongoni, nchi nzima hakuna wa kumtumia hata punda. Neno lilimjia mdomoni, neno la kumpoza: asubiri, pantoni inakuja, anaiona. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini uongo ule alikuwa amempa mtu mmoja tu maishani mwake, na alimpa kwa mapenzi, na hakuona sababu ya kumgawia huyu.

"Huvuki," akasema, akalichovya kafi majini.